Nilienda kutafuta umke wa Mkuu wa Mji, nikarudi na funguo za posta

Mwenzenu nina steshenari ndogo pale Mwanjelwa, mashine ya kopi moja, printa mbili (moja inafanya kazi ikijisikia) na kompyuta ya mtumba. Kazi yenyewe mnaijua, kopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, laminesheni, na ajira zikitangazwa basi ni siivii kuanzia asubuhi mpaka giza. Sasa kuna kitu inabidi niseme mapema kabisa maana bila hicho hii stori haiendi popote: mi nasoma. Nasoma kila karatasi inayopita kwenye ile mashine. Sio kwamba nina nia mbaya na mtu, na sijawahi kutoka nje nikaenda kusema, ila karatasi inalala kwenye kioo, taa inapita, na macho yangu nayo yanapita. Nimesoma wosia. Nimesoma barua za kuacha kazi ambazo mtu kamtukana bosi kwa heshima mpaka unatamani umpigie makofi. Barua za mapenzi bado zipo jamani, watu wanaandika, halafu wanatoa kopi, sijui ya kuweka ushahidi. Kuna kaka mmoja alileta barua ya kwenda kwa wakwe kuomba ng'ombe wapunguzwe, nikailia moyoni, wiki kadhaa baadae akarudi na kadi ya mwaliko wa harusi tuitoe kopi za rangi, nikafurahi kama dada yake wa tumbo moja na sikuweza hata kumuuliza wamepungua wangapi.

Basi mwezi wa tatu, mvua ile ya Mbeya inayonyesha kama inalipwa kwa siku, akaingia Mwalimu. Mzee mmoja mstaafu, alikuwa anafundisha Kiswahili sekondari, nusu ya watu wa mtaani wamepita mikononi mwake na wote wakikutana naye wananyoosha mashati. Kashika kitabu kizee kimevikwa karatasi ya kaki, anataka kurasa kama kumi na tano hivi, kila moja kopi ishirini. Nikajua ni mitihani ya tuisheni. Nikaweka ukurasa wa kwanza, macho yakapita, nikaweka wa pili, nikarudi wa kwanza.

Kumbe ni tamthilia, Mkaguzi Mkuu wa Serikali, imeandikwa na Mrusi anaitwa Nikolai Gogol na ikatafsiriwa kwa Kiswahili na Christon Mwakasaka, na jina hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa Mbeya, ni la Kinyakyusa kabisa. Stori ni hivi, kuna kamji kadogo huko mbali na makao makuu, viongozi wote mikono michafu, jaji anachukua rushwa ya watoto wa mbwa wa kuwindia halafu anasema hiyo sio rushwa kwa sababu sio hela, mahakamani walinzi wanafuga mabata bukini kwenye ukumbi wa kusubiria, hospitali ndo usiseme. Siku hiyo Mkuu wa Mji anawaita wote anawaambia nimepata barua, mkaguzi anakuja kutoka makao makuu na anakuja kwa siri. Hapo sasa. Ni kukimbizana, fagia huku, vua kile, wagonjwa wavalishwe kofia safi. Na wakati huohuo kwenye nyumba ya wageni kuna kijana kalala njaa, hela kaimaliza kwenye karata, anadaiwa chakula na chumba, wenyewe wanamuona hivyo alivyo na maringo yake wanasema ndo huyu. Yaani kijana anadhani wamekuja kumkamata kwa deni, wao wanadhani amekuja kuwakamata wao, wote wanatetemeka chumba kimoja.

Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa anasubiri siivii yake akaniuliza, dada unacheka jina langu?

Ila mi nilikuwa nacheka kitu kingine. Nikiwa darasa la nne huko Rungwe, enzi hizo tunasema mkaguzi, siku hizi wanaitwa wathibiti ubora, tuliambiwa mkaguzi anakuja alhamisi. Kuanzia jumatatu hatukufundishwa kitu. Mawe yalipakwa chokaa, maua yalitoka nyumbani kwa walimu na udongo wake yakapandwa jana yake, na wale wavulana wakorofi wa nyuma walitumwa kuni mbali sana siku hiyohiyo. Mwalimu wa hesabu akatufundisha kwamba mkaguzi akiuliza swali wote tunyooshe mikono, anayejua mkono wa kulia, asiyejua wa kushoto, ili yeye ajue wa kumchagua. Alhamisi tukajipanga barabarani, Land Rover ikatokea kwenye kona, tukaimba wimbo wote beti nne, gari likapita, dereva akatupungia mkono, likaenda zake Tukuyu. Hakuna aliyejua lilikuwa la nani. Maua yalikauka ijumaa. Sasa unakuta mtu kaandika hiyo stori Urusi, na ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1836 St Petersburg, kabla hata babu wa babu yangu hajafikiriwa, unajiuliza huyu alitujuaje.

Mwalimu akanitazama juu ya miwani. "Binti, unasoma?"

"Hapana Mwalimu, naangalia kama inatoka vizuri."

Akanyamaza. Akalipa. Akafika mlangoni akageuka. "Jumamosi saa tisa tunafanya usaili, ukumbi ule wa parokia. Njoo ujaribu." Akafungua mwavuli akaondoka, na mi nikabaki na kurasa tatu nilizotoa kopi moja ya ziada kwa bahati mbaya. (Sio kwa bahati mbaya.)

Kikundi chenyewe ni watu wa mtaani tu, hamna anayelipwa, wanakutana baada ya kazi, mwaka juzi walicheza kitu cha harusi nikaenda kuangalia kwa sababu muuza vocha jirani yangu alikuwa bwana harusi. Mi jukwaani nilipanda mara ya mwisho sekondari, nilikuwa mti. Lakini nilivyosoma zile kurasa nikajichagulia kabisa nafasi, mke wa Mkuu wa Mji. Anaitwa Anna Andreyevna, mama mmoja anajiona amezaliwa kimakosa kwenye mji mdogo, anataka kwenda makao makuu, anagombania kijana na binti yake mwenyewe. Nikasema huyu ni mimi mtupu. Sio mambo ya kijana, yale ya kujiona.

Nikafanya mazoezi siku tatu. Kitenge cha sikukuu, kioo cha kabatini, mkono kiunoni. Binti yangu wa darasa la pili akawa anapita anasimama, "mama unagombana na nani?" Nikamwambia naigiza. Akasema mbona unaongea kama kwenye muvi za kutafsiriwa. Mtoto huyu angekuwa kwenye lile jopo tusingehangaika wote.

Jumamosi ikafika na mvua yake. Nikachukua bajaji mpaka pale, kitenge nimekikunja mpaka magotini kama naenda kupanda mpunga Kyela, nikaingia ukumbini nakuta watu kama thelathini. Mi nilidhani tutakuwa saba. Kulikuwa na wanachuo wengi, manesi wawili wametoka zamu, mwendesha boda ameshika helmeti, konda wa daladala, fundi cherehani, mama mmoja wa makamo anauza mchele sokoni kaja na kapu lake na kalikalia, na vijana wanne ambao nadhani walikuwa wamejikinga mvua tu. Mezani Mwalimu yuko katikati, kulia mama mmoja anayeongoza kwaya, kushoto kijana amesoma sanaa Bagamoyo, huyo ndo alikuwa anatuandika majina na kututazama tunavyotembea, sio tunavyoongea, tunavyotembea.

Kitu cha kwanza hata hawakutupa karatasi. Ule ukumbi ni wa mabati bila dari, na mvua ilikuwa inapiga mpaka unamuona mtu anafungua mdomo tu kama samaki. Mwalimu akamtuma mama wa kwaya akakae benchi la mwisho kabisa, akasema kila mmoja apande amsalimie yule mama, akisikia atanyoosha mkono. Basi tukaanza. Watu wanapiga kelele mpaka mishipa inatoka, mama wa kwaya katulia na mikono kwenye mapaja. Nesi mmoja akasalimia kwa upole kabisa, hatukusikia hata sisi wa mbele. Mimi nikapiga kelele ya tatu ndo akanyoosha mkono kidogo, nahisi kwa huruma. Akaja konda. Hakukaza shingo wala nini, akavuta pumzi chini tumboni akasema "Mamaa, shikamoo!" kwa ile ile sauti ya Uyole Uyole Uyole, yaani ikatoka kama amemtupia jiwe likamfikia mkononi. Mama wa kwaya mikono yote juu. Kijana wa Bagamoyo akatueleza hapo, kupiga kelele unatumia koo na koo linachoka dakika kumi, kupeleka sauti unatumia pumzi, na maneno uyakate mwishoni, mtu wa nyuma anapoteza silabi za mwisho kwanza. Konda alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesomewa siri za familia yake.

Halafu ndo kukaanza kuchekesha, na hapa nataka nikae kidogo maana ndo palinishangaza.

Si tuliambiwa ni futuhi, mchezo wa kuchekesha. Basi wa kwanza akapanda, tumbo mbele, macho yametoka, sauti ya King Majuto. Watu wakacheka. Wa pili akapanda, King Majuto. Wa nne, King Majuto na kikohozi. Nilihesabu sita. Mzee wa watu alifariki 2018 huko lakini siku ile alikuwa Mbeya amejaa ukumbi mzima. Mwalimu hakuwakatisha, aliwaacha mpaka wa sita, watu tukawa hatucheki tena. Ndo akasimama.

Akasema, huyu Gogol siku ya kwanza mchezo wake ulivyoonyeshwa, mfalme wa Urusi mwenyewe alikuwepo, Nicholas wa Kwanza, na mfalme alicheka. Ila Gogol alitoka pale ameumia. Kwa sababu aliyecheza yule kijana Khlestakov alicheza kama mchekeshaji wa kawaida, mwongo wa kuchekesha watu. Baadae akaandika maelekezo kwa waigizaji, kubwa kuliko yote ni msitie chumvi, mwigizaji asijitahidi kuchekesha, kila mtu kwenye mchezo yuko bize na shida yake na haoni kabisa cha kuchekesha. Na Majuto, Mwalimu akasema, nyie mnaiga tumbo, mmesahau kwamba Majuto hakuwa anachekesha, alikuwa anakasirika. Anakasirika kweli, kwa kitu kidogo, kama mtu aliyedhulumiwa. Sisi ndo tunacheka.

Mi nikasikia vizuri kabisa. Nikaelewa. Na nilivyopanda nikafanya kinyume chake, mtanisamehe.

Kabla yangu alipanda yule wa boda, akapewa pale Khlestakov analewa na kuanza kudanganya, kwamba yeye makao makuu ana supu inaletwa kwenye sufuria kwa meli moja kwa moja kutoka Paris, kwenye karamu kuna tikiti maji la rubo mia saba, na siku moja walimtafuta aje kuongoza idara matarishi 35,000 wakajaa mitaani. Boda akasoma anakonyeza watu, kila uongo anageuka kwetu. Mwalimu akamwambia, kijana, umeshawahi kumwambia abiria kwamba uko dakika mbili ufike? Akasema kila siku. Ulikuwa wapi? Akasema nyumbani, navaa. Na wakati unasema, uliamini? Boda akafikiria jamani, akafikiria kweli, akasema wakati nasema, naamini. Haya, soma hivyo. Akasoma. Hakukonyeza mtu. Alikuwa anaiona ile supu. Alivyofika kwenye matarishi akawa anaangalia dirishani kama bado wanakuja, na mi nikajikuta nageuka kuangalia dirishani. Nafasi ikaisha hapohapo, hata wenzake waliokuwa wanaitaka walipiga makofi.

Na kulikuwa na wale wanachuo wawili walisoma Bobchinsky na Dobchinsky, wale wambea wawili wafupi wanaofanana mpaka majina. Kuna pahala Bobchinsky anaenda kwa mkaguzi feki na ombi moja tu. Wenzake wanakuja na hela, wanashtakiana, yeye anaomba, ukirudi makao makuu, waambie wakubwa wote, mawaziri, hata mfalme ukimuona, kwamba kwenye mji fulani anaishi mtu anaitwa Pyotr Ivanovich Bobchinsky. Basi. Hataki kingine. Wale vijana walisoma haraka, wakacheka wenyewe, sisi pia tukacheka, halafu fundi cherehani aliyekaa pembeni yangu akasema taratibu, sasa huyu kakosea nini. Nikaangalia mvua. Mi nina mjomba kila kiongozi akija Mbeya anavaa koti anaenda kusimama barabarani, hana la kumwambia.

Zamu yangu ikafika. Anna Andreyevna, pale mume anatoka mbio kwenda kumuona mkaguzi na yeye yuko dirishani anamuulizia kwa kupiga kelele. Nikapanda na kitenge changu. Mkono kiunoni. Nikafungua mdomo ikatoka ile sauti, binti yangu alisema kweli, sauti ya muvi ya kutafsiriwa, ya mama tajiri mwenye roho mbaya. Nikazungusha macho. Nikajipepea, na baridi ile. Wakacheka watu wawili na mmoja alikuwa muuza vocha. Mwalimu akasema asante binti. Asante ile mnaijua.

Akaitwa mama wa mchele. Hana miwani, kwa hiyo kijana wa Bagamoyo alisimama nyuma yake anamnong'oneza maneno yeye anayarudia. Nikasema moyoni hapa sasa nimepona. Mama akaacha kapu, akaenda pembeni ya jukwaa akashika ukingo wa dirisha ambalo halipo, akauliza, amefika? Ana sharubu? Sharubu za namna gani? Hivyo tu. Aliuliza kama anavyouliza gari la mchele limefika, gunia ngapi, mpya au wa zamani, yaani anahitaji jibu sasa hivi kuna wateja wanasubiri. Mkaguzi anakuja kumfunga mumewe na yeye anataka kujua sharubu. Ukumbi ulianguka. Mama wa kwaya alikuwa anajifuta machozi na daftari la majina. Mama mwenyewe akashuka ananiuliza kwa sauti ya chini, "mdogo wangu, wanacheka nini, nimekosea?" Nikamwambia hujakosea dada. Nikakunja kitenge changu nikaanza kutafuta mwavuli.

Ndo nikasikia, "Binti wa steshenari. Bado."

Mwalimu kashika bahasha. Akaniambia panda, we sasa ni Bwana Posta. Kwenye mchezo kuna msimamizi wa posta anaitwa Shpekin ambaye anafungua barua za watu. Sio kwa kazi, kwa kupenda tu. Mkuu wa Mji anamuomba mwanzoni afungue fungue kidogo kuangalia kama kuna mtu kamshtaki, na yeye anajibu usinifundishe, nafungua siku nyingi, inapendeza kusoma kuliko gazeti, hata kuna moja nzuri nimebaki nayo.

Nikasikia masikio yanapata moto.

"Mwalimu, huyo si mwanaume?"

"Posta zina wakina mama siku hizi. Binti, umewahi kusoma kitu cha mtu kisichokuhusu?"

Ukumbi mzima kimya. Thelathini wanaangalia, na humo nusu ni wateja wangu, muuza vocha anajua mkataba wake wa chumba nimeutoa kopi mimi. Nikasema, "Hapana Mwalimu."

"Umeona ulivyojibu? Sasa soma hivyo hivyo."

Nikasoma. Kwanza ile ya kukiri, kisha ile ya mwisho kabisa, pale kijana ameshaondoka na hela zao zote na Bwana Posta anaingia mbio na barua ameshaifungua, kijana kamuandikia rafiki yake kuwacheka wote mmoja mmoja. Anaelezea sauti mbili zilikuwa zinamnong'oneza, moja inasema usifungue utaangamia, nyingine inasema fungua, fungua. Alivyobandua lakiri, baridi ikampitia mwilini. Hapo sikuigiza kitu. Ile baridi naijua, inaanzia vidoleni.

Halafu ule mtego. Barua inasomwa kwa sauti mbele ya wote, na kila mmoja anafurahia matusi ya mwenzake mpaka yafike ya kwake. Bwana Posta anasoma ya Mkuu wa Mji kwa raha, Mkuu wa Mji anabisha haijaandikwa hivyo, anarudia tena kumuonyesha. Anakuja mstari wa posta. Anakwama. Nilikuwa naona mstari ule na nikawa siangalii kwa mtu, nikafanya kile ninachofanyaga dukani mteja akigeuka ghafla, nikainyoosha karatasi pembeni, nikapuliza vumbi ambalo halipo, nikaangalia juu kama kuna balbu imeungua. Kimya kidogo. Kisha nikasikia Mwalimu mwenyewe anacheka, kicheko cha pua, ambacho watu waliosoma kwake wananiambia miaka minne hawajawahi kukisikia. Na karatasi yenyewe niliyoshika ilikuwa na ule mstari mweusi pembeni ambao mashine yangu inaweka. Nilikuwa naumbuliwa na kopi yangu mwenyewe.

Majibu yalikuja jumatano kwa meseji. Mama wa mchele, Anna Andreyevna, na alipiga simu kwa Mwalimu kumuuliza kama atalazimika kuacha soko jumamosi. Boda, Khlestakov. Konda kawa Mkuu wa Mji, na hapo sina la kusema, maana yule Mkuu wa Mji mwishoni inabidi atugeukie sisi watazamaji atuulize tunacheka nini, tunajicheka wenyewe, na hiyo inataka mtu wa sauti ya kufika benchi la nyuma. Chini kabisa ikaandikwa, "Bwana Posta: dada wa steshenari." Jina langu hata hawakuandika. Nilinuna nusu saa, mke wa Mkuu wa Mji ana magauni manne ya kubadilisha na mi nina bahasha. Halafu nikaenda kusoma kurasa zangu tena nikakuta ni mimi ninayeleta ile barua, bila mimi wangemaliza wanasherehekea.

Tatizo ni kwamba Mwanjelwa hamna siri. Muuza vocha kasema, konda kasema kwenye gari lililojaa. Alhamisi akaja mzee mmoja mteja wangu wa siku nyingi, ana hati ya kiwanja anataka kopi tatu. Kawaida ananiachia anaenda kunywa chai. Siku hiyo akaingia ndani mpaka kwenye mashine, akaweka hati mwenyewe, akafunga mfuniko mwenyewe, akaweka na kofia yake juu. Akasimama kwenye mlango wa karatasi anazichukua zikitoka bado za moto, moja, mbili, tatu, anazikunja. Mi naangalia kalenda ukutani kwa adabu zote. Akalipa, akaaga, akaenda.

Nikafungua mfuniko kuweka kazi nyingine, hati ya mzee imelala pale. Wote wanasahau ya kwenye kioo, hata waliokuja kulinda.

Nilimkimbilia mpaka Kabwe, mvua inaanza, nimeificha ndani ya sweta. Akaipokea, akaikagua mbele na nyuma, akanitazama.

"Umesoma?"

"Hapana mzee."

Ilitoka vizuri kweli, Mwalimu angefurahi. Mzee akaniamini kabisa, akanishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo mwanangu, akaingia kwenye bajaji. Na mi nimesimama pale nanyeshewa kwa sababu kwenye ile hati jina la baba yake limekosewa herufi moja, kwenye kitambulisho chake ambacho nilitoa kopi mwaka jana liko tofauti, na siku akienda benki au ardhi watamrudisha, na sijui nitamwambiaje.

Mazoezi yanaanza jumanne saa kumi na moja jioni.